Kichwa cha Morisi: Historia ya Nembo ya Mji wa Coburg

Mtu akitembea katika mitaa ya Coburg, mji wenye wakazi 40,000 na ushei kaskazini mwa jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, hana budi kukutana na uso wa Mwafrika. Mara nyingine hata huukanyaga bila kujua, kwa sababu mifuniko ya chuma ya mifereji ya maji taka imepigwa nembo ya mji, na nembo ya mji ni kichwa cha mtu mweusi kwenye ngao ya rangi ya dhahabu, chenye midomo myekundu na hereni sikioni. Rangi mbili za mji, nyeusi na njano, zinatokana na ngao hiyo hiyo: weusi wa kichwa na dhahabu inayokizunguka. Msomaji wa Kiswahili akiiona picha hii kwa mara ya kwanza atauliza maswali mawili, na yote mawili ni ya haki. La kwanza ni jinsi Mwafrika alivyofika kwenye ngao ya mji wa Wajerumani uliozungukwa na misitu ya misonobari, mbali na bahari na mbali na Afrika. La pili ni kama amewekwa pale kwa heshima au kwa dhihaka. Ninachodai katika makala hii ni kwamba swali la pili halijibiki kwa kuitazama picha peke yake. Nembo ya mji si urithi unaokaa kabatini ukisubiri kufutwa vumbi. Ni uamuzi ambao kila kizazi huurudia, kwa kuuthibitisha, kuubatilisha au kuusahau, na maana yake hutokana na matendo ya watu wanaoibeba. Historia ya Coburg inalithibitisha jambo hili kwa namna ambayo miji michache ya Ulaya inaweza kufanya, kwa sababu kichwa hiki kiliwahi kung'olewa kwenye ngao, kisha kikarudishwa.

Mwenye kichwa ana jina: ni Mtakatifu Morisi, Mauritius kwa Kilatini, Moritz kwa Kijerumani. Simulizi yake iliandikwa katika karne ya 5 na Eucherius, askofu wa Lyon, aliyeeleza kwamba mwishoni mwa karne ya 3 jeshi la Kirumi lilikuwa na kikosi kilichotoka Thebe, katika Misri ya Juu, na kwamba askari wake wote walikuwa Wakristo. Kaisari Maximianus alipowataka wawatese Wakristo wenzao, waligoma. Wakauawa kwa mafungu, mmoja katika kila kumi, kisha tena mmoja katika kila kumi, mpaka wakaisha, na kamanda wao Morisi akiwa miongoni mwao. Mahali panapotajwa ni Agaunum, katika milima ya Alpi, ambapo leo kuna mji wa Uswisi unaoitwa Saint-Maurice. Wanahistoria wengi hawakubali kwamba kikosi kizima kiliangamizwa hivyo, kwa kuwa simulizi yenyewe imeandikwa zaidi ya miaka 100 baada ya tukio linalodaiwa. Lakini ukweli wa tukio ni jambo moja, na nguvu ya simulizi ni jambo jingine. Kiini cha simulizi hii ni askari wa kutoka Afrika aliyekataa amri ya kuwaua wasio na hatia, na Ulaya ya Wakristo ikamfanya kielelezo cha ushujaa. Ni vyema tuishike hoja hiyo mkononi, maana tutaihitaji tutakapofika mwaka 1934.

Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimwonyesha Morisi kama mtu mweupe, kama walivyofanya kwa karibu watakatifu wote. Badiliko lilitokea Magdeburg, mji ambao mfalme Otto wa Kwanza alikuwa amejenga ndani yake monasteri ya Mtakatifu Morisi mwaka 937 na baadaye kuleta masalia yake. Katika kanisa kuu la mji huo kuna sanamu ya jiwe la mchanga iliyochongwa kati ya mwaka 1240 na 1250 hivi. Miguu yake imevunjika chini ya magoti, na mkuki aliokuwa ameushika haupo tena, lakini sehemu iliyobaki inatosha. Amevaa deraya ya pete za chuma zilizosukwa, imemfunika kichwa, shingo na mabega kama kilemba kizito, na katikati ya chuma hicho umeachwa wazi uso peke yake: pua pana, midomo minene, mashavu yaliyojaa, ngozi iliyopakwa rangi nyeusi, macho yanayotazama mbele bila woga. Aliyeichonga hakubuni sura ya mtu mweusi kwa kubahatisha. Alimtazama Mwafrika kwa makini, au alijifunza kwa mtu aliyemtazama. Baadhi ya wataalamu wameihusisha sanamu hii na zama za kaisari Frederick wa Pili, ambaye kitovu cha utawala wake kilikuwa Sicilia na kusini mwa Italia, na ambaye barazani pake walikuwapo watu weusi. Vyovyote iwavyo, hii ni mojawapo ya picha za kale kabisa za Ulaya kaskazini ya Alpi zinazomwonyesha mtu mweusi kama mtu kamili. Hakuonyeshwa kama mtumwa, wala shetani, wala kichekesho. Ameonyeshwa kama kamanda mwenye silaha na cheo.

Jina lenyewe lilichangia. Mauritius linakaribiana na neno la Kilatini Maurus, yaani mtu wa Mauretania, eneo la kaskazini-magharibi mwa Afrika, na kutoka Maurus Wajerumani walipata Mohr, neno la zamani la kumtaja mtu mweusi. Wataalamu wa nembo wana desturi wanayoiita nembo inayosema, ambapo picha hulitamka jina: mji wenye jina linalofanana na dubu huweka dubu, wenye jina linalofanana na daraja huweka daraja. Mji uliojiweka chini ya ulinzi wa Moritz ungeweza kuweka kichwa cha Mohr, na kila mtu, awe amesoma au hakusoma, akaelewa. Huo ndio mlango ambao Mwafrika aliingilia Coburg. Kanisa kuu la mji, lenye minara miwili isiyolingana kimo, lina jina la Morisi hadi leo. Tangu mwaka 1353 mji ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Wettin, watawala wa Saksonia, na mwishoni mwa karne ya 15, wakati kichwa cha Morisi kinapojitokeza kama alama ya mji, aliyekuwa askofu mkuu wa Magdeburg ni Ernst, mdogo wake Frederick Mwenye Hekima, mtawala wa Saksonia na wa Coburg pia. Heshima ya Morisi ilikuwa imeenea katika eneo lote. Lucas Cranach, mchoraji wa watawala hao, ambaye alizaliwa Kronach, mwendo mfupi kutoka Coburg, alitoa katika karakana yake picha ya Morisi mweusi aliyevaa deraya inayong'aa kwa fedha na mawe ya thamani. Matthias Grünewald naye alimchora akizungumza na Mtakatifu Erasmus, wamesimama ana kwa ana kama wakubwa wawili wanaoheshimiana. Kwa hiyo kichwa kilipowekwa kwenye ngao ya Coburg, watu wa zama zile walijua kinatoka kwenye mwili gani, nao ulikuwa mwili wa shujaa.

Kisha yakaja Matengenezo ya Kanisa, na hapo tunapata ushahidi wa kwanza kwamba nembo ni uamuzi. Coburg ulikuwa wa Kilutheri katika miaka ya 1520. Martin Luther mwenyewe aliishi kwa karibu nusu mwaka katika ngome iliyo juu ya mji, mwaka 1530, wakati wenzake walipokuwa Augsburg wakitetea imani mpya mbele ya kaisari, na katika siku za Pasaka alihubiri katika kanisa la Morisi. Sasa, Walutheri walikuwa wameacha kuwaomba watakatifu. Masalia yaliondolewa, hija zikasitishwa, mishumaa mbele ya sanamu ikazimwa. Kama Morisi angekuwa kwenye ngao kwa sababu za ibada tu, ule ndio ungekuwa wakati wa kumwondoa, na hapakuwa na mtu wa kuwazuia. Hawakumwondoa. Mtakatifu aliacha kuwa mwombezi wa watu mbinguni akabaki kuwa raia wao duniani, alama ya mji wenye soko lake, mahakama yake na madiwani wake. Yeyote asemaye kwamba kichwa hiki ni mabaki ya ushirikina wa kale aikumbuke hatua hii: walioubadilisha mji mzima walikitazama kichwa hicho na kuamua kwamba ni chao.

Ushahidi wa jinsi raia huyo alivyozoeleka uko juu ya ukumbi wa mji, katika uwanja wa soko. Kwenye kilele cha paa amesimama Morisi wa sanamu, mzima kutoka utosini hadi nyayoni, kwa mavazi ya kijeshi na fimbo ya uamirijeshi mkononi. Wenyeji humwita kwa utani Bratwurstmännle, yaani kibwana wa soseji, kwa kuwa husimuliwa kwamba fimbo yake ndiyo kipimo cha soseji ya Coburg, ambayo ikiwa mbichi inapaswa kufikia sentimita 31. Chini yake sokoni, soseji hizo huchomwa juu ya moto wa matunda makavu ya msonobari, moshi wake wenye harufu ya utomvu ukipanda kuelekea kwake. Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo dogo lisilostahili kutajwa katika historia. Kipimo cha haki sokoni ndiyo kazi ya kwanza ya serikali yoyote ya mji, na hapa wenyeji wamekiweka, hata kama ni kwa simulizi tu, mkononi mwa Morisi. Watu hawamkabidhi kipimo mtu wanayemdharau.

Lakini kusema hivyo si kusema kwamba dharau haikuwahi kuja. Ilikuja, nayo iliingia kwa njia ya michoro. Kuanzia karne ya 17 na 18, watawala wa Ujerumani, wakubwa kwa wadogo, walipenda kuwa na watumishi weusi katika majumba yao, waliovalishwa mavazi ya rangi kali na vilemba, na ambao wengi wao walitolewa Afrika utotoni na kuuzwa. Walijulikana kwa neno lile lile, Mohr, ambalo karne chache kabla lilimtaja kamanda mwenye deraya. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 neno na sura hiyo vilihamia kwenye maduka ya kahawa, tumbaku na chokoleti. Kampuni ya Sarotti ya Berlin ilimfanya Mohr mdogo mwenye sinia kuwa alama yake ya biashara mwaka 1918. Kizazi kilichonunua vitu hivyo ndicho kile ambacho dola yake ilitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi, na ambayo ilizima vita vya Maji Maji kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Ni vigumu kuamini kwamba mtoto wa Coburg wa mwaka 1910, aliyemwona mtu mweusi kwenye pakiti ya chokoleti asubuhi na kwenye nembo ya mji jioni, aliweza kuwatenganisha wawili hao kichwani mwake. Mkono wa mchoraji nao haukuwatenganisha kila mara. Midomo iliyokolezwa rangi nyekundu na hereni vilikuwa alama za mkato ambazo macho ya Ulaya yalizoea kumtambulia mtu mweusi yeyote yule. Hivyo, mtakatifu alibaki na jina lake, ila uso wake ukawa unapotea kidogo kidogo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mtawala wa mwisho, Carl Eduard, mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza, aliondolewa kwenye kiti. Wananchi wakapiga kura tarehe 30 Novemba 1919 kukataa kuungana na Thuringia, na tarehe 1 Julai 1920 Coburg ukawa sehemu ya Bavaria. Uamuzi huo uliuepusha mji kuangukia upande wa mashariki wa Ujerumani iliyogawanyika miaka 25 baadaye. Lakini katika miaka hiyo ya kati mji ulichagua njia nyingine kwa hiari yake. Oktoba 1922 Adolf Hitler alifika kwa treni pamoja na mamia ya wanamgambo wake, wakapigana mitaani, na tangu siku hiyo aliuhesabu mji huu miongoni mwa ngome zake. Juni 1929 chama chake kilipata viti 13 kati ya 25 vya baraza la mji, na Coburg ukawa mji wa kwanza nchini Ujerumani ambao Wanazi walipata wingi kamili kwa kura. Januari 1931, miaka miwili kabla Hitler hajawa chansela, bendera yenye msalaba uliopindwa ilipandishwa kwenye ukumbi wa mji, jengo lile lile ambalo Morisi amesimama juu ya paa lake. Mwaka uliofuata mji ulimpa Hitler uraia wa heshima. Hapa ndipo bendera na nembo zilipoanza kushindana. Mlingotini palipepea kitambaa kilichotangaza kwamba damu ndiyo kipimo cha utu. Kwenye ngao kilikaa kichwa cha Mwafrika. Viwili hivyo havikuweza kuishi nyumba moja.

Mwaka 1934 Wanazi walikiondoa kichwa. Ngao mpya iligawanywa katikati, nusu nyeusi na nusu ya dhahabu, ikawekwa upanga ulioelekezwa chini, na kwenye tufe la mpini wake msalaba uliopindwa. Rangi za kale zilihifadhiwa, yaani weusi wa Morisi ulibaki, ila mtu mwenye weusi huo alifutwa. Hata simulizi iligeuzwa kichwa chini miguu juu, kwa sababu Morisi ni askari aliyeshusha silaha yake asiue wasio na hatia, na mahali pake paliwekwa silaha peke yake, bila mtu wa kuikataa amri. Meya aliyeongoza miaka hiyo, Franz Schwede, aliushika mji kwa nguvu kiasi kwamba aliruhusiwa kuliongeza jina Coburg kwenye jina lake mwenyewe, akaenda nalo Pomerania kuwa kiongozi wa chama. Jina la mji likawa pambo la mtu mmoja, na mlinzi wa mji akawa hana mahali.

Ili tuelewe uzito wa kitendo hicho tusiishie kwenye rangi na ngao. Katika miaka hiyo aliishi Berlin mtu aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, Bayume Mohamed Husen, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani, na ambaye akiwa bado mtoto alihudumu pamoja na baba yake katika vita vya 1914 hadi 1918. Alikwenda Ujerumani mwaka 1929, akafanya kazi ya kuhudumia wateja hotelini, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu zilizohitaji sura nyeusi. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, akafa humo Novemba 1944. Husen hakuwa mtu wa Coburg, wala ngao ya Coburg haikumuua. Lakini itikadi iliyoona kwamba kichwa cha Mwafrika cha kuchorwa hakistahili kukaa kwenye ngao ndiyo iliyoona kwamba Mwafrika aliye hai hastahili kukaa mjini. Aliyesema mwaka 1934 kwamba kubadilisha nembo ni mchezo wa wachoraji alipata jibu lake ndani ya miaka kumi.

Majeshi ya Marekani yaliingia Coburg Aprili 1945, na mwaka huo huo kichwa cha Morisi kikarudishwa. Katikati ya njaa, wakimbizi na ukosefu wa nyumba, wenye mji waliona umuhimu wa kuufuta upanga na kumrejesha mlinzi wao. Nadhani huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya nembo hii, mkubwa hata kuliko ule wa karne ya 15. Mababu walimweka Morisi kwa sababu kila mtu alimheshimu. Watu wa 1945 walimrudisha baada ya mji wao kumkana, na kumrudisha kulikuwa na maana ya kukiri, japo kimyakimya, kwamba waliomkana walikosea. Tangu hapo kichwa kile si alama ya mtakatifu tu. Ni alama ya toba pia, na mji unaokibeba umejifunga kwa ahadi, iwe unaikumbuka au la.

Ahadi hiyo ilidaiwa mwaka 2020. Baada ya George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis, mjadala kuhusu picha na majina ya zamani ulienea Ujerumani, na ombi likatolewa hadharani kwamba Coburg iondoe kichwa kwenye nembo kwa kuwa kinawadhalilisha watu weusi. Likaibuka ombi la kupinga, na mji ukaamua kubaki na nembo yake. Wanaotaka kiondolewe wana hoja inayostahili kusikilizwa kwa makini. Wanasema: mtu mweusi apitaye Coburg leo haoni Magdeburg wala Eucherius, anaona midomo myekundu na hereni, maumivu yake ni ya kweli, na somo la historia halimponyi. Wanaongeza, kwa haki, kwamba kitu hakiwi kitakatifu kwa sababu tu Wanazi walikichukia. Nakubali yote mawili. Lakini hoja hii inathibitisha kwamba mchoro una kasoro. Haithibitishi kwamba Morisi aondoke. Tukimwondoa tutabaki na ngao safi isiyomuumiza mtu, na mji wa Wajerumani ambao kwa karne tano umejitambulisha kwa mlinzi aliyetoka Afrika utakuwa hauna Mwafrika tena. Matokeo machoni yatakuwa yale yale ya 1934, ingawa nia ni kinyume kabisa, na watoto wa kizazi kijacho hawataona nia, wataona ngao.

Upande wa pili una hoja yake. Wanasema nembo ni mali ya mji, imerithiwa, na kuigusa ni kuiharibu. Hapa elimu ya nembo yenyewe inawajibu. Nembo haifungwi na mchoro mmoja. Inafungwa na maelezo ya maneno: ngao ya rangi fulani, na ndani yake kitu fulani. Kila mchongaji wa muhuri, mpiga sarafu na mchora bendera hutafsiri maneno hayo kwa mkono wake, na ndiyo maana kichwa cha Morisi kilichochongwa kwenye jiwe la kale hakilingani na kilichopigwa kwenye chuma cha leo. Mfano uko humo humo Bavaria. Maaskofu wa Freising walibeba kichwa cha Mwafrika mwenye taji tangu zama za kati, na kutoka kwao kichwa hicho kiliingia kwenye nembo za jamii ndogo zilizokuwa chini yao, kama Ismaning na Mittenwald. Hata Joseph Ratzinger, aliyekuwa askofu mkuu wa huko, alikichukua kwenye nembo yake alipokuwa Papa Benedikto wa 16 mwaka 2005, akikieleza kuwa kwake ni ishara ya Kanisa lisilobagua rangi wala tabaka. Alama iliyoanza kama chapa ya mwenye ardhi ikawa ya wanakijiji, kisha ya Papa, ikipata sura na maana mpya kila ilipohama, na hakuna aliyesema imeharibiwa. Sheria ya Bavaria nayo inaziachia jamii zenyewe kutunza nembo na bendera zao za kihistoria, na kuzibadilisha kwa ushauri wa idara ya nyaraka za jimbo. Anayesema kwamba mchoro haugusiki anautetea mkono wa mchoraji mmoja, akidhani anaitetea historia.

Wapo pia wanaoona kwamba mabishano yote haya ni makubwa kuliko jambo lenyewe: mji mdogo, kichwa kidogo, mfuniko wa mfereji. Kwao natoa jibu fupi. Dola kubwa zina majeshi na vitabu vya shule vya kueleza zinachoamini. Mji mdogo una ngao yake, bendera yake na jina la kanisa lake, na kwa hivyo vichache ndivyo humwambia mtoto anayekua pale nani ni wetu. Wanazi walilijua hilo vizuri, ndiyo maana hawakuona ni kazi ndogo kubadilisha ngao ya mji wa watu wachache. Waliorudisha kichwa mwaka 1945 walilijua pia.

Kama nembo ni uamuzi unaorudiwa, basi njia ya tatu ipo, nayo inaiheshimu historia kuliko zile mbili: kichwa kibaki, uso urudishwe. Kiini cha nembo si midomo iliyokolezwa rangi. Ni kichwa cha mtu mweusi kwenye dhahabu, na mchoraji mwenye adabu anaweza kukipata kwa kusafiri mpaka Magdeburg, asimame mbele ya jiwe lile la mchanga, amtazame mtu aliyetazamwa vyema karne nane zilizopita, kisha arudi na pua ile, mashavu yale na macho yale yasiyoogopa. Shingoni aweke ukingo wa deraya, ili anayekanyaga mfuniko wa mfereji au anayetazama bendera ukumbini ajue kwamba kichwa hiki ni cha askari, na kwamba mwenyewe alikufa kwa kukataa amri mbaya. Coburg haina haja ya kukopa wazo hili kwa mtu. Kila siku ya soko, juu ya moshi wa misonobari, Morisi yuko pale pale juu ya paa, mzima, na kipimo mkononi. Kilichobaki ni ngao iliyo chini ifanane na mtu aliye juu.